Kochi la Mifupa

Katika mtaa ule, ukimwona mwanamke anapanda ngazi kinyumenyume huku akisimulia umbea, ulijua kochi linakuja. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa kushona vitambaa vya makochi. Aliyeshika upande wa chini, kwenye uzito wote, kidevu juu na masikio wazi, alikuwa mumewe, ambaye watu wote walimwita Mzee Sponji.

Walikuwa wanafanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Dirishani palikuwa na cherehani ya mke, katikati meza ndefu ya kukatia, na kila mahali palipobaki palijaa mito, misumari na magunia ya vipande vya sponji yaliyopandiana hadi kugusa dari. Mzee alitengeneza fremu na kujaza sponji, mke alikata na kushona. Kochi likikamilika, walilipakia kwenye gari la kukodi, na kutoka mlango wa chini wa mteja hadi sebuleni kwake walilibeba wao wenyewe, wawili tu, kama walivyofanya tangu walipooana.

Wengine wana wimbo wao. Wengine wana picha ya harusi ukutani. Hawa walikuwa na ngazi. Mke alitangulia kinyumenyume, na alipoweka mguu kwenye ngazi ya kwanza tu, alianza kisa. Alikuwa na kipaji cha kukipima kisa kulingana na ghorofa. Mteja wa ghorofa ya kwanza alipata umbea mfupi, wa juu alipata mrefu wenye mashangazi na mashahidi, na mwisho wake ulifika pale pale walipofika mlangoni. Nyumbani hakuwa akisimulia. Mzee Sponji akimbembeleza wakati wa chakula, alijibiwa kwamba asubiri kochi. Kwa hiyo mwanaume yule alibeba makochi kwa bidii isiyo ya kawaida, na wateja wakadhani ni uaminifu wa kazi.

Mambo yaliharibika siku walipompelekea mwenye duka la viatu kochi la watu watatu, ghorofa ya tatu.

Kisa cha siku hiyo kilikuwa kitamu. Kinyozi mmoja, jamaa mpole kabisa, alikuwa anamnyoa mteja. Alipofika nusu ya kichwa ndipo akatambua kwamba mteja huyo ndiye yule bwana anayemchumbia dada yake miaka nenda miaka rudi bila kuja nyumbani kujitambulisha. Kinyozi akazima mashine. Akavua aproni, akaitundika. Akamtazama yule bwana kwenye kioo, upande mmoja kipara, upande mwingine msitu, akamwambia...

Hapo walikuwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, penye dirisha lenye kioo kilichopasuka. Miguu ya Mzee Sponji ilianza kutetemeka kama ya mtoto anayejifunza kusimama. Pumzi ikamwishia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba waweke chini, na wakaweka, naye akakaa juu ya kochi la watu kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Mke akakaa kando yake. Wapangaji waliokuwa wakipita waliwakuta wameketi pale ngazini kama wenyeji waliokaribisha wageni. Wakawasalimu. Babu mmoja aliuliza kama nafasi ya tatu ina mtu.

Watu walicheka, mke naye akacheka. Lakini walipoinuka kuendelea, sasa mwenye duka akiwa amekuja kushika upande wa chini, mke hakumalizia kisa. Alipanda kimya, na jioni alikata kitambaa kimya. Mzee Sponji angevumilia kelele za aina yoyote, ila kimya cha mkewe kilimkaa rohoni kama pini iliyosahauliwa ndani ya mto.

Kesho yake mke alimweleza, bila kumtazama, kwamba amezungumza na wapagazi wawili wa sokoni, vijana wenye nguvu. Kuanzia sasa wao ndio watakaobeba.

“Na mimi?” mzee aliuliza.

“Wewe utabaki chini, ulinde gari.”

Alinde gari. Mzee Sponji aliyarudia maneno hayo moyoni siku nzima. Gari lenyewe lilikuwa bovu kiasi kwamba hata mwizi angeomba alipiwe nauli kwanza. Kilichomuuma zaidi ni picha aliyoiona kichwani: kochi linapanda ngazi, mkewe yuko ghorofani, na yeye amesimama chini barabarani akitazama juu, hasikii kitu.

Akaomba muda. Walikuwa wamepokea kazi ya mkunga mstaafu, mama mmoja wa ghorofa ya nne katika jengo lile lile, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa na kuwagombeza nusu nyingine. Kochi lake la zamani lilikuwa linatengenezwa upya. Likishindikana hilo, mzee alisema, waitwe wapagazi hata kumi. Mke alifikiri, akakubali kwa sharti moja, kwamba amsikilize binti yao.

Binti yao alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Firimbi haikumtoka shingoni, hata sikukuu. Alikuja siku ya mapumziko, akamsimamisha baba yake katikati ya karakana na kumwambia aguse vidole vya miguu. Mzee aliinama, akafika magotini, akasema kwamba vidole vile havijawahi kuwa wateja wake. Akaambiwa achuchumae. Alichuchumaa vizuri tu. Shida ilikuwa kurudi.

Binti hakumcheka, au alijitahidi. Alimweleza kwa upole kwamba mwili wake haujazeeka kama anavyodhani. Umezoea kukaa na kuinama. Anahitaji nguvu ya mapaja na mgongo, na pumzi ya kutosha, na hivyo vyote hupatikana kidogokidogo, leo kazi, kesho kupumzika, bila pupa. Tena vyombo si lazima. Miguu anayo, na sakafu ipo.

Lakini Mzee Sponji alikuwa mtu wa zana. Kwake yeye kazi isiyo na kifaa haikuwa kazi, ilikuwa maneno. Akasisitiza waende dukani, na binti, ambaye alimjua baba yake, akaenda naye ili amzuie kununua duka zima.

Duka la vifaa vya mazoezi lilikuwa na kijana muuzaji aliyevaa fulana iliyomkaa kama ganda la ndizi. Kijana alianza na mashine ya kukimbilia, mkanda mweusi unaozunguka chini ya miguu. Mzee aliikagua pande zote, akauliza mtu anakaa wapi. Wakahamia kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Kijana akazungumzia moyo na mapafu. Mzee akapiga goti, akachungulia chini ya tandiko, akainuka na sura ya mtu aliyetoka kuona msiba. Mishono ilikuwa mirefu mno. Sponji ilikuwa nyembamba kama gazeti. Alimuuliza kijana, kwa huruma ya kweli, kama aliyeshona kitu kile alikuwa na matatizo nyumbani.

Binti alimvutia kwenye mikanda ya mpira ya rangi rangi, ya kuvuta kwa mikono na miguu. Hiyo ndiyo ingemfaa, alimwambia. Ni rahisi, haichukui nafasi, na haimvunji mtu mgongo. Mzee aliuvuta mmoja, akauachia, akasema mipira ya namna hii imejaa kwake nyumbani, inashikilia makalio ya mji mzima. Akaondoka pale.

Ndipo alipoliona benchi.

Lilikuwa benchi la kulalia, la kunyanyulia vyuma. Fremu yake ilikuwa ya chuma kizito, imeungwa kwa ustadi, haina hata mkwaruzo. Lakini juu yake! Ngozi ya bandia ilikuwa imevutwa bila adabu, pembeni imejikunja, na pini zimechungulia kama meno ya panya. Mzee Sponji alilizunguka mara kadhaa. Akaligusa.

“Baba,” binti alisema, “unachagua benchi la mazoezi, au mgonjwa wa kumtibu?”

Walirudi nyumbani na benchi hilo pamoja na vyuma viwili vya mkono, na binti akamwandalia utaratibu kwa mdomo. Aanze kwa kupasha mwili moto kwa kutembea papo kwa papo, kisha kukaa na kuinuka, kisha vyuma akiwa amelala, kisha kunyoosha viungo. Yeye mwenyewe alikuwa anasafiri na wanafunzi kwenye mashindano, asingekuwapo kwa muda. Pale mlangoni alimgeukia baba yake, akashika firimbi kana kwamba ataipuliza, akamwambia asiliguse benchi lile. Mzee aliahidi. Na aliahidi kwa moyo safi, hilo lazima lisemwe.

Asubuhi ya kwanza alilala juu yake na kunyanyua vyuma. Lilikuwa gumu. Ya pili lilikuwa gumu vile vile, na pini moja ilikuwa inamtazama. Ya tatu akajiambia kwamba atarekebisha ile pembe moja tu, maana pembe mbaya inaweza kumkwaruza mtu, na usalama ni sehemu ya mazoezi.

Lakini fundi wa makochi hawezi kufungua pembe moja, kama vile mla karanga hawezi kula karanga moja. Pembe ilifuatwa na upande, upande ukafuatwa na kifuniko kizima, na ndani akakuta kisponji kikavu kilichomtia aibu kwa niaba ya mafundi wote duniani. Akakitupa. Akaweka sponji nzito. Juu yake akaongeza nyepesi, ili mtu apokelewe vizuri kabla ya kushikiliwa. Akapanga springi. Kulikuwa na mahameli ya rangi ya zabibu iliyobaki kutoka kazi ya hoteli. Akaivuta, akaitia vifungo vya kuzama, akazungushia ukingo wa kamba. Mwisho, kwa kuwa kichwa nacho ni kiungo, akatengeneza mahali pa kukiegemeza.

Alijilaza kujaribu. Akashika vyuma, akavinyanyua, na benchi likamzamisha taratibu, yeye na vyuma vyake, kama mtu anayeingizwa kwenye maji ya vuguvugu. Aliwaza kwamba hii kweli ni kazi nzuri. Akafumba macho kidogo ili aisikilize.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Mzee aliaga kwamba anaingia mazoezini, akavuta pazia lililogawa karakana, na mkewe kwenye cherehani akasikia pumzi nzito zikipanda na kushuka upande wa pili. Moyo wa mke ukayeyuka. Aliwaambia majirani kwamba baba watoto anajituma mpaka anamwonea huruma. Alianza hata kupunguza mwendo wa cherehani ili asimvurugie.

Siri haikudumu, kwa sababu mwenye duka la viatu alikuja kuulizia mto wake, akachungulia nyuma ya pazia, akajilaza kidogo kujaribu, na ikabidi aitwe na mkewe kwa simu. Alitoka akiagiza benchi kama lile, mawili. Akaja mtu wa duka la dawa. Akaja mwalimu wa kwaya. Mzee Sponji kichwa kilimvimba, akawa anawaeleza watu kuhusu tabaka la kwanza na tabaka la pili, na mapaja yake yakabaki pale pale yalipokuwa.

Mke alikuja kujua asubuhi moja alipomletea maji ya kunywa. Alisogeza pazia kwa unyenyekevu. Mumewe alikuwa amelala chali katikati ya mahameli, mdomo wazi, vyuma viwili vimepumzika kifuani pake kama pacha waliokwisha kunyonya.

Kukiwa na amani alimwita baba watoto. Sasa alisema, “Fundi.”

Mzee alifumbua macho.

“Siku zote hizi nasikia pumzi zako,” mke alisema. “Nasema, masikini, mwenzangu atakufa na mazoezi. Kumbe unakoroma.”

Mzee akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. Akajitetea kwamba benchi lilikuwa gumu, kwamba mtu hawezi kufanya kazi juu ya kitu kigumu, na kwamba alitaka tu kulilainisha kidogo kisha aendelee. Mke aliweka maji juu ya meza ya kukatia. Akasimama pale akizungusha kidole kwenye ukingo wa bilauri.

“Unajua kwa nini siku ile nilinyamaza?”

“Nilikutia aibu.”

“Aibu ipi, tuliyokaa ngazini tukisalimiwa? Ile nilicheka kweli.” Akavuta pumzi. “Wewe ukibeba unaziona ngazi. Mimi naenda kinyumenyume, sioni kitu isipokuwa uso wako. Miaka yote hii kisa kikiwa kitamu nakijua kwa uso wako. Kikichosha, nakijua. Siku ile nikauona uso wa mtu nisiyemjua. Nikasahau hata kinyozi alisema nini.”

Mzee Sponji aliviondoa vyuma kifuani.

“Siwataki wale wapagazi,” mke aliendelea kwa sauti ya chini. “Nitawasimulia nini? Lakini uso ule sitaki kuuona tena, baba watoto. Afadhali ukae chini ulinde gari, nijue upo.”

Mzee alitaka kuinuka amwendee. Ulikuwa wakati muhimu, na angependa kuinuka kwa heshima, ila benchi lilikuwa limemshika. Alisukuma kwa kiwiko, kiwiko kikazama. Akasukuma kwa kingine. Mwisho mke alilazimika kumpa mikono na kumvuta kama mtu anayetolewa kisimani, na alipotoka walikuwa wamekaribiana sana, na midomo ya mke ilikuwa inatetemeka kwa kicheko alichokuwa anakibana.

Mzee alitazama karakana yake. Mito, magunia, mahameli. Maisha yake yote alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaondolea watu ugumu, na hakuna kitu humo ndani ambacho kingemsaidia kusimama. Kisha akakumbuka uani. Kulikuwa na fremu ya kochi la mtu mmoja, ambalo mwenyewe alihama mji bila kulifuata, mbao tupu na misumari iliyogongwa ikalala, haina hata uzi. Akaiburuta ndani. Akaikalia. Ilikuwa ngumu kama hukumu. Akainuka bila kushika popote, akakaa, akainuka tena, na mapaja yake, yaliyokuwa likizo muda wote huo, yakauliza kuna nini.

“Hapa,” alisema, akihema. “Hapa ndipo pangu.”

Mke alichukua bunduki ya kugongea pini, akaifungia kwenye droo ya cherehani, na ufunguo akautia kifuani. Alimjua mtu wake.

Hilo likawa kochi la mifupa. Jina alilitoa binti aliporudi mashindanoni. Kabla ya hapo alikuwa ameliona benchi la zabibu, amecheka hadi akaanguka juu yake, na alipozama akauliza kama anaweza kulichukua kwake, kwa sababu za kielimu. Alipewa. Kisha akawaketisha wazazi wake wote wawili na kuupanga utaratibu upya, safari hii kwa kutazama kazi yao ilivyo. Baba asikimbilie kifaa; aifuate cherehani. Kila mama anapomaliza mshono mrefu na kukata uzi, baba aache anachofanya, aende kwenye kochi la mifupa, akae na kuinuka mpaka mama aanze mshono mwingine. Mama akawa na madaraka makubwa, na wakati mwingine alitafuta uzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuhusu mikanda, mzee mwenyewe ndiye aliyekumbuka alichokisema dukani. Alikata vipande vya ile mipira mipana inayotandazwa chini ya viti, akafunga kimoja kwenye mguu wa meza ya kukatia, na kila asubuhi akawa anakivuta kuelekea tumboni, mgongo wima, mabega nyuma, binti akimsahihisha kwa firimbi siku anazokuja. Vyuma vya mkono viliachwa kwanza. Mke alishona vifuko vya mabaki ya kitambaa, vyenye vishikio, wakavijaza mchanga nusu, halafu wakaongeza kadiri siku zilivyokwenda. Binti alisema gunia lolote lingefaa. Mama yake akamwuliza kama amewahi kumwona akishona gunia lolote. Vifuko vilikuwa na ukingo wa kamba na maua mekundu, na mzee alivibeba akizunguka ua kama mtu anayekwenda kumposa malkia.

Mke naye hakubaki nyuma. Alisema anayekwenda kinyumenyume ndiye anayehitaji miguu ya kuaminika, akafunga mpira wake upande wa pili wa meza. Wakawa wanavutana asubuhi, huyu huku na huyu kule, meza ikiwa katikati kama mwamuzi aliyechoka, na majirani waliokuwa wakipita dirishani walisikia vicheko na kushindwa kuelewa ni mazoezi gani hayo.

Haikuwa rahisi kila siku. Kuna asubuhi mzee aliamka magoti yakimnung’unikia, akaambiwa apumzike kwa kuwa kupumzika nako kumo kwenye utaratibu. Kuna siku alikamatwa mlangoni na kipande cha sponji kwapani, akielekea kwenye kochi la mifupa. Alisema alikuwa anakihamisha tu. Mke alinyoosha mkono, naye akakitoa, kama mwanafunzi anayenyang’anywa simu. Lakini kuna siku pia alivaa soksi amesimama, mguu mmoja hewani, hajashika ukuta, na akamwita mkewe kutoka jikoni aje ashuhudie. Mke alikuja, akashuhudia, akamwambia avue avae tena, hakuona vizuri.

Kochi la mkunga mstaafu lilikamilika. Lilikuwa refu, la kijani, na mzee aliruhusiwa ufunguo wa droo ili ampe mama yule ulaini wote aliokuwa amejinyima yeye. Wakalipakia. Gari likawafikisha mlangoni mwa jengo lile lile, ngazi zile zile, harufu ile ile ya sabuni ya sakafu. Mke akashika juu, mzee akashika chini.

Aliweka kisigino kwenye ngazi ya kwanza, akamtazama mumewe.

“Kulikuwa na kinyozi mmoja,” alisema, “jamaa mpole kabisa.”

Alikianza upya, tangu mwanzo, kwa kuwa kisa kilichokatika hakiungwi katikati. Ghorofa ya kwanza walikuwa bado kwenye uchumba, jinsi yule bwana alivyokuwa akimsindikiza binti wa watu hadi kona na kugeuka kabla nyumba haijaonekana. Mzee alisukuma kwa mapaja, kama alivyofundishwa, mgongo umenyooka. Walifika kwenye kibaraza chenye kioo kilichopasuka. Mke alipunguza mwendo. Macho yake yalipita usoni kwa mumewe, kwenye paji, kwenye midomo, kama anavyokagua mshono kabla ya kukabidhi kazi. Mzee alikuwa anatoka jasho, na alikuwa anakunja uso.

“Nini?” mke aliuliza upesi.

“Umeruka shangazi,” mzee alisema. “Mara ya kwanza palikuwa na shangazi.”

Mke akacheka, kochi likatikisika. Wakapita kibaraza kile bila kutua, shangazi akarudishwa mahali pake. Ghorofa ya tatu mwenye duka la viatu alifungua mlango, akataka kusaidia, na mzee akamjibu kwamba ashukuriwe sana, lakini wako katikati ya jambo. Kinyozi alikuwa amezima mashine. Aproni ilikuwa inatundikwa.

Zilibaki ngazi chache, mlango wa mkunga ukionekana, wakati mke aliposimama kwenye kibaraza cha mwisho na kusema, “Weka chini.”

Mzee Sponji moyo ulimpasuka. Miguu yake ilikuwa imara. Pumzi alikuwa nayo, imebaki kiasi cha kupiga mluzi.

“Kwani uso wangu umebadilika?”

“Haujabadilika.”

“Basi?”

“Ngazi zinaisha, na kisa bado kitamu. Weka chini, baba watoto.”

Wakaweka. Wakaketi kwenye kochi la watu, bega kwa bega, na mke akamsimulia. Kinyozi alimwambia yule bwana kwamba nusu ya kichwa ni yake, na nusu iliyobaki ni ya familia. Akitaka inyolewe, anajua nyumba ilipo. Kisha kinyozi akaenda kula. Yule bwana akatoka vile vile, upande kipara upande msitu, akapita katikati ya soko watu wakimpisha, hadi kwenye mlango ambao hakuwahi kuufikia, akabisha hodi, akasema amekuja kuoa. Dada wa watu alimtazama kwa kituo, huku na huku. Akamwambia arudi kwanza akamalizie kunyolewa, maana ameposwa na watu wawili kwa mpigo na yeye anataka mume mmoja.

Mzee Sponji alicheka mpaka akashika mbavu, na springi mpya zikawarusha kidogo wote wawili.

Mlango wa juu ukafunguliwa. Mkunga mstaafu alitoka na mkongojo wake, akawatazama wale watu walioketi kwenye kochi lake, akauliza tangu lini sebule yake imehamia nje. Wakataka kuinuka, akawazuia kwa mkongojo. Akashuka ngazi zile chache polepole, akajisukumiza katikati yao, akaubonyeza mto kwa kiganja na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

“Kochi litaingia baadaye,” alisema. “Nimesikia kinyozi. Anzeni mwanzo.”

Mke akamtazama mumewe. Mzee alikuwa tayari amejiegemeza, kidevu juu na masikio wazi.

“Na shangazi asirukwe,” alisema.